Namna ya kujua kama ni mwanaume ao mwanamuke kupitia meno tu (na fasi yenye utajidanganya)

Mara ya kwanza baliniletea taya ya mutu ilikuwa mu karto ya biskwiti, imefungwa na kamba ya mupira, mwenye kuileta anapumua juu ametoka Birere, kartye ya hapa Goma, na mguu. Bafundi balikuwa banachimba musingi ya nyumba, nyundo inagonga mawe ya volkano, ghafla ikaingia fasi laini, njo bakakuta mifupa. Hakuna karatasi, hakuna foto, hakuna mutu mwenye aliangalia vile ilikuwa imelala. Swali moja tu: munganga, huyu alikuwa mwanaume ao mwanamuke? Mi niko munganga wa meno, siko wa maiti, lakini munajua vile tuko, mutu akikuita munganga mbele ya batu unasikia haya kusema sijui. Nikachukua kalipa, kile chombo cha kupima milimita, nikapima kanini (jino ya kona) ya chini ya kushoto, ikatoka milimita 7.3, nikasema na sauti kubwa: mwanaume. Siku tatu kisha bakarudia na nyonga yenye ilibakia mu shimo. Nyonga ya mwanamuke, wazi kabisa, hata mwanafunzi mwenye anaanza tu angeiona.

Njo naandika hii sasa, kwa banganga ba meno benzangu, ba-infirmiye, ba-OPJ (bapolisi ba uchunguzi), banafunzi, na kila mutu hapa Goma mwenye siku moja atawekewa jino mbele yake na kuulizwa ile swali. Meno inaweza kujibu, tena wakati mingine inajibu muzuri kupita mufupa, lakini iko namna ya kuiuliza.

Mbele ya kugusa

Kama ni weye unachimba na unakuta mifupa mu parseli yako, simamisha kazi, funika na tole ao hema, ita polisi na shefu wa kartye, basi. Usiitoe, usiioshe, usiiweke mu mufuko. Huku kwetu mufupa inaweza kuwa ya kaburi ya zamani, inaweza kuwa ya vita, inaweza kuwa ya mutu mwenye alipotea juzi na mama yake angali anamutafuta, na hizo zote tatu haziko sawa mbele ya sheria.

Na weye munganga, usipime kitu pasipo rekizisyo, ile barua ya kukuomba kazi, ya OPJ ao ya parke (ofisi ya mwendesha mashitaka), yenye inaandika wazi banataka ujibu nini. Mi sikukuwa nayo ile siku ya karto na kosa ilianzia pale, juu hakuna mutu alikuwa ameandika kama ile taya na mifupa ingine ni ya mutu mumoja ao ya batu wawili.

Kitu ingine, omba bakuambie kidogo tu. Mutu akisha kukuambia "sisi tunafikiri ni ile mama wa kule", mikono yako itapima vile akili inataka, na haiko uongo, ni vile bichwa byetu biko. Mi siku hizi nawaambia bafunge midomo mpaka nimalize kuandika namba zangu zote.

Kisha foto, na rula pembeni, juu, chini, kushoto, kuume. Kisha unaandika meno yenye iko na yenye haiko na namba za FDI, zile za kimataifa za kutaja kila jino, zenye tunatumia kila siku ku kabine: 13 na 23 ni kanini za juu, 33 na 43 ni za chini. Jino yenye imeanguka, iweke peke yake mu ambalope ya karatasi. Nasema karatasi, haiko sashe ya plastiki, juu mu sashe unyevu unabakia, kuvu inaota, na ADN (ile Waingereza banaita DNA) inaharibika. Formoli hapana. Javel hapana, hata kama jino ni chafu namna gani. Brosi laini na mayi kidogo inatosha, na hata hiyo ni kisha foto.

Kama nyonga iko, acha meno kwanza

Hii ba-dentiste hatupendi kuisikia lakini ni kweli. Kama ni mutu muzima na nyonga iko nzima, mutu mwenye uzoefu anajibu sawa karibu mara 95 ku 100. Kichwa kinafuata, chini kidogo. Meno za kupima na kalipa zinakuja nyuma ya zote mbili.

Sasa meno inakuwa ya kwanza wakati gani? Wakati hakuna kitu ingine imebakia. Enameli, ile gamba ya nje ya jino, ni madini 96% kwa uzito, hakuna kitu ngumu kuipita mu mwili ya mutu, mufupa inaoza, inaliwa na mbwa, inavunjwa na nyundo ya bafundi, na jino iko pale inakuangalia. Fikiria Kalehe, Kivu ya Kusini, yale mafuriko ya Mei 2023 kule Bushushu na Nyamukubi, batu zaidi ya 400 walikufa, mingi walizikwa haraka haraka mu makaburi ya pamoja. Kama siku moja parke inaomba bafungue zile makaburi, meno njo itakuwa kitu safi yenye itabakia.

Na kuna batoto. Hapa njo meno inanipendeza kabisa. Nyonga ya kijana wa miaka 8 na ya binti wa miaka 8 zinafanana, juu tofauti ya mufupa inakuja na kubalehe. Lakini taji ya kanini ya kudumu inaanza kujengwa miezi michache kisha mutoto kuzaliwa, na ku miaka 6 ao 7 imeisha, ingali imefichama ndani ya taya, haijatoka hata. Kisha pale haikue tena. Yaani mutoto wa miaka 8 ameshabeba ndani ya mufupa kanini ya ukubwa wa mutu muzima. Ukiwa na radio (eksirei) ya taya, ao kama taya imevunjika na unaiona, unaweza kuipima.

Moto ni hadithi ingine. Meno ya nyuma inalindwa na mashavu na ulimi, mizizi inalindwa na mufupa, lakini za mbele zinapasuka, enameli inatoka juu ya dentini, ile sehemu ngumu ya jino yenye iko chini yake, sawa ganda la yai la kuchemsha. Jino yenye imeungua inakuwa ndogo na inakuwa na nyufa, kwa hiyo usiipime ukubwa na kusema kitu. Iandike, ipige foto, na uwaachie batu ba labo.

Kanini, na namna ya kuishika

Kanini njo ile banaita chonge ku Waswahili ba pwani, jino ya kona. Mu meno yote 32 iyo njo inatofautisha zaidi wanaume na wanawake, sana sana ya chini. Enameli yao inakaribia kuwa sawa unene, tofauti iko ndani, ku dentini: ya wanaume iko mingi. Lakini tofauti yenyewe ni ndogo, nusu ya milimita na mara mingi hata haifike. Bandika karatasi nne za daftari pamoja, angalia unene wake kwa ubavu. Njo hiyo unatafuta.

Unapima mara mbili, kwa njia mbili. Ya kwanza ni upana, toka upande wenye unagusa jino ya mbele mpaka upande wenye unagusa jino ya nyuma, fasi yenye ni pana kabisa. Ya pili ni unene, toka upande wa mudomo mpaka upande wa ulimi. Kalipa iwe na ncha nyembamba, ile ya ba-mekanisiye ya midomo minene haitaingia katikati ya meno, na ile ya namba inasoma mpaka 0.01. Funga midomo, angalia iko ku sifuri, kama haiko irudishe. Kisha weka ncha pole pole, usikaze, jino ya zamani inakwaruzika. Soma, andika, toa kabisa, weka tena. Mara tatu. Kesho yake mara tatu tena pasipo kuangalia namba za jana, na kama uko na mwenzako naye apime pembeni yake. Namba zenu zikiachana kupita 0.2 anzeni upya, juu 0.2 ni nusu ya kile munatafuta.

Narudia ku ile taya ya karto. Nilipoiangalia muzuri, kisha haya kuisha, nikaona ile kanini pembeni yake ilikuwa na ugaga, tatre ngumu ya rangi ya majani ya chai, kati ya 33 na 34, unaiona sawa sehemu ya jino kama hauna taa ya kutosha, na ile siku umeme ulikuwa umekatika nilikuwa natumia tochi ya telefone. Nikaikwangua na ncha ya mti, ikatoka kipande kimoja sawa ganda la karanga. Nikapima mara tatu: 7.0, 7.1, 7.0. Yaani ile sauti kubwa yangu yote ilikuwa imekaa juu ya milimita 0.3 ya uchafu.

Kuna mitego mingine, zingine za fasi yote, zingine za kwetu.

Jino zinasuguana. Mutu akikula miaka mingi mahindi ya kuchoma na ugali yenye iko na muchanga, meno zinaisha kwa juu na pembeni pia, fasi zenye zinagusana, na ule upana wa kwanza unapungua. Mwanaume wa miaka 60 anaweza kupimika sawa binti. Kwa muzee basi tumainia ule unene wa mudomo na ulimi, wenyewe hauishi vile, ao pima ku shingo ya jino pale taji inakutana na muzizi.

Meno ya plastiki. Munajua hii hadithi, mutoto muchanga anaharisha, ana homa, bibi anaangalia fizi anaona kitu nyeupe, wanamupeleka ku mutu anaichimbua na chuma ao spoki ya kinga. Uganda wanaita ebinyo, na upande huu wote wa Maziwa Makuu imejaa. Ile nyeupe haiko ugonjwa, ni kanini ya utoto yenye ingali inakuja. Na wakiichimbua mara mingi banagusa mbegu ya kanini ya kudumu yenye iko chini yake. Kwa hiyo huku kwetu unaweza kukuta taya ya mutu muzima yenye haina 33 kabisa, ao iko nayo lakini imepinda, ndogo, imeharibika umbo. Vitabu vingi vya Ulaya havisemi hii kitu na inagonga ile ile jino yenye wanakuambia uitumainie. Kanini yenye umbo mbaya usiipime. Angalia ya upande mwingine, na kama nayo vile vile, panda ku 13 na 23.

Meno ya kahawia, zile za batu balikunywa mayi ya upande wa volkano toka utoto, fluori imezidi. Ukubwa haubadiliki, ila enameli inakuwa dhaifu inamegeka, kwa hiyo angalia kingo kama ziko nzima. Lakini iandike ku ripoti! Haisemi kitu juu ya mwanaume ao mwanamuke, lakini inaweza kusaidia familia kutambua mutu wao. Na zile meno zenye zilichongwa za bazee ba zamani, vile vile.

Ile hesabu ya 0.274

Ukitafuta ku intaneti utaikuta haraka, inaitwa indeksi ya kanini ya chini. Unachukua upana wa kanini, unagawanya na urefu toka ncha ya 33 mpaka ncha ya 43. Watafiti ba India ya kusini mu mwaka 1989 waliona kama jibu inapita 0.274 ni mwanaume, ikiwa chini ni mwanamuke, na kwao walipata sawa mara zaidi ya 80 ku 100. Ikapendeza batu, juu ni kalipa moja na kalkilatrisi, hakuna labo, hakuna feza. Mi pia ilinipendeza.

Shida ni hii. Wanaume haiko kanini tu njo kubwa, hata upinde wa taya yao ni mupana. Ukigawanya kubwa kwa kubwa, tofauti inakulana. Chukua mwanaume mwenye kanini ya 7.3 na taya pana, ncha kwa ncha 27.4: unapata 0.266, hesabu inamuita mwanamuke. Chukua mwanamuke mwenye kanini ya 7.0 na taya nyembamba ya 24.9: unapata 0.281, hesabu inamuita mwanaume. Wote wawili imewageuza, na ukipima kanini tu pasipo kugawanya ungesema sawa, yenye kubwa ni ya mwanaume. Mu mwaka 2009 watafiti wenye walijaribu hii indeksi ku batu ba Nepal waliandika vile vile, kwamba haifai.

Na hata kama ingefaa kule, 0.274 ni namba ya batu bengine. Ukubwa wa meno unabadilika fasi kwa fasi, kuchukua mupaka wa India na kuuweka juu ya taya yenye imetoka Birere ni sawa kununua viatu kwa namba ya mutoto wa jirani.

Kwa hiyo tengeneza namba ya hapa

Haiko ngumu sana, inaomba uvumilivu tu. Kila kabine ya meno inachukua ma-empreinte, alama za meno za kutengeneza mufano wake, kila juma, alijinati kisha plasta. Omba ruhusa ya bagonjwa, ya kuandika, na kwa batoto ya bazazi. Chukua wenye umri wa miaka 17 mpaka 25, juu kanini zimetoka na hazijasuguana sana. Wanaume 50, wanawake 50 ni mwanzo muzuri. Pima kila mumoja vile nimesema, 33 na 43, upana na unene, na kama uko na nguvu ongeza kanini za juu na magego ya kwanza. Toa wenye meno zimejipanga vibaya mpaka hauwezi kuingiza ncha. Andika ku kaye jinsia, umri, namba, hakuna jina.

Na usiandike kabila. Kuna siku mutu aliniuliza kama jino inaweza kusema kabila. Haiwezi, na mwenye kukuuliza hiyo hapa kwetu uliza yeye anataka kuifanyia nini.

Kisha unatafuta wastani wa wanaume, wastani wa wanawake, katikati yao njo mupaka wako. Tuseme, mufano tu wa hesabu, wanaume 7.2, wanawake 6.8, mupaka 7.0, na kila kundi limetawanyika kwa 0.4. Unajua utakuwa unasema sawa mara ngapi? Mara 69 ku 100. Ukirusha kipande cha feza hewani unapata 50. Kwa hiyo kalipa, plasta, miezi yote ile, umetoka 50 umefika 69. Mi ile hesabu nilipoifanya mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Ukiongeza unene na meno zingine inapanda, tafiti za dunia zinatembea mara mingi kati ya 60 na 90, lakini haipande vile unafikiri juu mutu mwenye kanini kubwa mara mingi meno yake yote ni kubwa, ile jino ya pili inarudilia tu kile ya kwanza ilisema.

Kitu moja bengi banasahau: katikati kuna fasi ya giza. Jino ya 7.6 na ya 7.0 haziko sawa mbele ya mupaka wa 7.0. Ya kwanza unaweza kusema kitu. Ya pili unaandika "haijulikani", na hakuna haya.

Labo: hapa jino inasema yenyewe

Kama kesi ni nzito, mali, mauaji, mutoto mwenye familia inamutafuta, kalipa haitoshi. Ziko njia mbili.

Ya kwanza ni ADN ya pulpu, ile nyama ya ndani. Chagua gego yenye haina tundu, muzizi nzima, juu ndani ya gego kuna nafasi kubwa na pulpu yake imefungiwa muzuri. Usiikate weye, itume nzima, mu karatasi, kavu. Kule wanatafuta jeni ya amelojenini, yenye inatengeneza enameli, na uzuri wake iko ku kromosomu X na ku Y pia lakini haziko sawa urefu: ile ya X imekosa herufi sita. Mu kipimo chenye kinatumika sana kipande cha X kinatoka na urefu wa herufi 106, cha Y 112; mwanamuke iko na X mbili, mwanaume X moja na Y moja. Ukiona mbili ni mwanaume. Ukiona 106 peke yake... polepole. Inaweza kuwa mwanamuke, inaweza kuwa mwanaume mwenye ADN yake imechakaa mpaka kipande cha Y hakikuonekana, na kuna wanaume, wamejulikana sana India na inchi za jirani yake, wenye walizaliwa pasipo hiyo sehemu ya Y na hawana shida yoyote. Njo maana labo nzuri inatafuta na jeni ingine ya Y kama SRY mbele ya kuandika "mwanamuke".

Ya pili ni mupya na mi njo naipenda. Haitafuti ADN, inatafuta protini yenyewe ya amelojenini yenye ilifungiwa ndani ya enameli wakati jino inajengwa. Enameli haina seli, haijirekebishi, kwa hiyo kile kilifungiwa kinabakia, hata ADN ikiwa imekufa zamani. Timu ya watafiti ba Uingereza na Brazil walitangaza namna yake mu mwaka 2017: banasafisha uso wa jino, banaiweka kidogo mu asidi ya hidrokloriki ya 5% dakika mbili, hiyo ya kwanza banamwaga, banaweka tena dakika mbili, hiyo ya pili njo banapeleka ku mashini ya kupima uzito wa molekuli. Jino inabakia nzima, alama inaonekana kidogo tu. Kipande cha Y kina metionini fasi yenye cha X hakina, mashini inavitofautisha. Tena inafanya kazi ku meno ya batoto, hata ya utoto.

Ilishageuza hadithi zenye batu walikuwa wameshazipenda. Kule Modena, Italia, mu 2009 walifukua mifupa ya batu wawili wa karne ya 4 mpaka 6, wamezikwa wameshikana mikono, dunia yote ikawaita wapenzi, mwanaume na mwanamuke wake, nani angewaza ingine. Mu 2019 enameli ikasema wote wawili wanaume. Ndugu? Askari wenza? Jino haisemi hiyo. Na Hispania, karibu na Sevilla, kaburi ya karibu miaka 5,000 yenye pembe nzima ya tembo ndani, walikuwa wanasema ni kijana mwanaume, mukubwa wa kijiji, juu mali kama ile itakuwa ya nani? Mu 2023 meno yake yakajibu: mwanamuke.

Lakini hata hapa ule mutego wa Y uko. Protini ya Y ni kidogo, karibu sehemu moja ku kumi ya ile ya X, kwa hiyo kama hata X yenyewe imeonekana kwa shida, kukosa Y haimaanishe mwanamuke. Inamaanisha sampuli haikutosha. Na kuna batu wenye XXY, yaani X mbili na Y moja, wachache, labo itaona Y yao na kusema mwanaume. Jino inajibu kromosomu, haijibu vile mutu aliishi.

Kuandika

Ku ripoti usiandike "mwanaume" peke yake. Andika jino gani, hali yake, namba tatu na wastani, mupaka ulitoka ku batu gani na wangapi, na kisha neno: "inaelekea mwanaume", "inaelekea mwanamuke", ao "haijulikani kupitia meno". Na kumbuka jinsia inapunguza tu orodha ya wenye wanatafutwa, haitambui mutu. Interpol wanakubali vitu vitatu vya kwanza vya kutambua mutu, alama za vidole, meno, na ADN, na hapo meno maana yake ni kulinganisha na fishi yake ya dentiste ya mbele ya kufa, plombaji, meno zenye zilitolewa. Njo maana nawaomba benzangu: andikeni fishi za bagonjwa muzuri, namba za FDI, tarehe, na muzitunze fasi kavu.

Ile karto baliichukua kisha rekizisyo kufika, imechelewa lakini ilifika. Nilirudilia ripoti kwa mukono wangu, na ile karatasi ya kwanza sikuichana, niliibandika nyuma ya ya pili ili mwenye atasoma aone zote. Ya pili inasema: "Nyonga: mwanamuke. Kanini 33: milimita 7.0, imepimwa mara tatu kisha kutoa tatre. Kupitia meno: haijulikani."